Aliyemfuta Muriuki

Ruring'u, Nyeri
Jumamosi mchana

Muriuki, baba yangu,

Umepanda Tetu kumuaga cucu yako, mama yangu, na ninavyomjua hatakuachilia mpaka umalize sufuria nzima ya chai na akuombee kwa kirefu. Kwa hivyo niko na kama saa tatu za kuandika. Kesho asubuhi unaondoka kwenda chuoni Eldoret, na kuna jambo nimelinyamazia zaidi ya mwaka mmoja. Ukienda bila kulisikia kutoka kwangu, utaendelea kumchukia mtu asiye na hatia, na mimi nitakuwa nimekosa mara mbili.

Mambo ya sweta, cheti cha kuzaliwa na namna ya kufua mashuka nimeyaandika kwa karatasi nyingine. Iko juu ya sanduku lako. Hapa usiyatafute. Wala sitakuhubiria, mchungaji alikuhubiria Jumapili mpaka ukasinzia, nilikuona.

Usishangae naandika Kiswahili. Kwa Kikuyu ningeanza kukukemea kabla sijafika mstari wa tatu, wewe unanijua. Kwa Kiingereza ningekuandikia kama ninavyowaandikia watu barua za kuomba kazi, maneno matamu ya kumzungusha mkubwa. Kiswahili kinanilazimisha kwenda polepole. Na naandika kwa mkono, mimi niliyepiga chapa maneno ya watu miaka ishirini, kwa sababu barua ya mashine huficha makosa. Hapa nikikosea nitakata, na utaona nilipokata.

Haya. Unamkumbuka Muriuki wa kompyuta. Sisemi wewe, wala guka, babu yako. Nasema yule mpiga mishale wa mchezo uliyemlea kwa ile mashine ya ofisini kwangu. Aliyemfuta ni mimi, mama yako. Rafiki yako Wachira hakugusa hata kitufe kimoja.

Nimesema. Nimeinuka nikanywa maji, nikarudi. Sasa wacha nikueleze ilivyokuwa tangu mwanzo, na usiruke mistari kama ulivyozoea.

Jina lako unajua lilikotoka, lakini sijawahi kukueleza yote. Kwetu mwanamke akizaa bila mume, mtoto wake wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba wa huyo mwanamke. Ndivyo ulivyopata jina la baba yangu. Na maana yake unaijua: Muriuki ni aliyefufuka. Nilipokuwa nakuita "baba" ukiwa bado unanyonya, wageni walicheka, lakini mimi sikuwa nafanya mzaha. Nilikuwa namwita baba yangu kweli, kwa sababu mwenyewe sikuwa na njia ya kumwita.

Baba yangu, wakati ananilea mimi, alikuwa mtu wa mkono. Neno moja, makofi mawili. Niliporudi kutoka chuo cha uhazili nikiwa na mimba yako, alitoa sanduku langu nje, mvua inanyesha, akaingia ndani akafunga mlango. Nilikuja huku mjini nikakaa kwa rafiki yangu mpaka ukazaliwa. Jina likamfikia huko Tetu kabla sijatoka hospitali. Akashuka kwa miguu, amevaa koti lake la kanisani, kofia mkononi, akasimama pale karibu na kitanda. Hakunisalimia. Alisema, "Nimekuja kumwona Muriuki." Akakubeba, akakuangalia, akakuangalia tena. Kumbe alikuwa amekuja kujiona.

Kuanzia siku hiyo akawa mtu mwingine, lakini kwako tu. Mlikuwa mnakaa huko kwa zizi mnacheka, mimi nimesimama mlangoni kwa cucu na kikombe mkononi, na nakwambia ukweli baba, nilikuwa naona wivu. Mtu mzima anamwonea mtoto wake wivu! Kwangu hakuwahi kusema pole. Nilingoja miaka kumi na minane, kila Krismasi nikifikiri labda leo.

Kisha mwaka ule uliofuata mvua ya El Nino, barabara za Tetu zikiwa bado mashimo matupu, akalazwa. Alimtuma mtu aniambie, "Msichana wangu aje." Nilikuwa napiga chapa mitihani ya shule tatu na yote ilitakiwa Ijumaa. Nikasema nitakuja Jumamosi. Alikufa Ijumaa asubuhi. Sijui alitaka kuniambia nini. Pengine hata ilikuwa ni habari ya ng'ombe. Lakini sitajua, na hilo ndilo linanikula.

Wewe ulikuwa umefunga shule, likizo ya Aprili, Form Four. Unakumbuka jinsi wewe na Wachira mlivyokuwa mnaishi pale ofisini, juu ya duka la dawa za ng'ombe. Baba yake akitengeneza redio chini, nyinyi juu, kiti kimoja, mmoja ameshika kipanya na mwingine anatoa amri. "Rudi nyuma! Kunywa dawa! Wacha hiyo ngao, hiyo si kitu!" CD ya mchezo wenyewe binamu yake Wachira ndiye aliitoa Nairobi. Mimi sikuelewa chochote. Niliona mtu mdogo anashuka chini ya kanisa lililobomoka, anapigana na mifupa na mashetani wenye pembe, anaokota vitu sakafuni kama mtu anayeokota kahawa iliyoanguka.

Siku moja mlimaliza. Mkapiga kelele mpaka mwenye duka akaja kuuliza kama kuna mtu ameumia. Kesho yake nikawakuta mmeanza tena, mtu yuleyule, kanisa lilelile. Nikauliza, "Si mlimaliza? Mnarudia nini?" Wachira akanijibu kwa heshima yake ile, "Mama, hiyo ya kwanza ilikuwa ya kujifunza. Sasa ndio inaanza." Wewe ukasema mashetani sasa ni wakali zaidi, na vyumba havipangwi vile vilivyokuwa, na vitu vizuri kabisa viko huku kwa raundi ya pili. Nikawaambia nyinyi ni wagonjwa, nikaendelea na kazi yangu.

Sasa sikia. Wiki mbili baada ya mazishi, Jumapili, natoka kanisani. Napanda ile ngazi, na kutoka ndani nasikia nyinyi wawili mnacheka mpaka mnakohoa. "Muriuki amekufa tena! Haki huyu mzee amekufa tena!"

Udongo wa kaburi ulikuwa bado haujakauka. Nikafungua mlango, nikaona kwa kioo cha kompyuta mtu amelala chini katikati ya mifupa, shetani anamkanyaga, na jina la baba yangu limeandikwa hapo kwa herufi kubwa. Ulianza kusema kitu. Nilikukatiza. Nikasema, "Nendeni mkanunue maziwa." Hayo tu. Sikuuliza ni mchezo gani, sikuuliza kwa nini jina hilo, sikuuliza kitu.

Ukarudi shule Jumanne. Jumatano asubuhi, kabla sijafungua dirisha, nikawasha mashine nikaitafuta ile faili. Mtu anayefuta barua za watu kila siku hahitaji kufundishwa. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Nilikuwa na hasira, nikabonyeza.

Hapana, nakata hiyo. Nilikuwa na aibu. Hasira ingenifanya nikungoje urudi nikugombeze, na ungenieleza, na yangeisha. Mimi nilitaka tu jina lake litoke pale, lisinitazame.

Siku tisa baadaye barua yako ikafika kutoka shule. Ninayo hapa mbele yangu, ile karatasi ya daftari uliyoichana vibaya. Uliandika, "Mum, tafadhali usikubali mtu amguse Muriuki. Nimemjenga kama guka. Pointi zote nimeweka kwa wepesi, kwa sababu guka aliniambia mshale hautaki nguvu, unataka kungoja. Ni dhaifu mwanzoni, anakufa kila mara, tunamcheka. Lakini akifa anarudi pale kijijini, na mimi nafurahi kwa sababu guka wa kweli hakurudi."

Nilisoma nikiwa nimesimama posta. Mzee mmoja aliniletea kiti.

Baba yangu alikuwa anapiga mishale? Mimi, mtoto wake, sikujua. Hakuniambia kamwe yale uliyoyaandika chini zaidi, kwamba akiwa kijana mdogo alichunga mbuzi pembeni ya msitu wa Nyandarua na upinde begani. Kwako aliyasema yote. Na mimi nilikuwa nimeyafuta kwa kidole kimoja.

Ndipo nikafanya ujinga wangu wa pili. Badala ya kuchukua kalamu nikuandikie kama hivi, nikasema nitamrudisha kabla hujafunga shule Agosti. Nilifikiri ni kama kupiga chapa ukurasa uliochafuka: unaweka karatasi mpya, unarudia maneno yaleyale. Nikaandika jina, MURIUKI, nikaingia. Usicheke. Kila siku saa saba nilikuwa naandika mlangoni "Nimeenda posta," naketi pale na mkate wangu, nashika kile kipanya kama mtu anayeua mende.

Wale mashetani walinichinja, baba. Ghorofa ya pili tu kwenda chini. Mchezo unakupa pointi tano kila ukipanda levo, na unazigawa mwenyewe, nguvu au wepesi au uchawi au uhai, na ukishaweka huwezi kutoa. Hilo sikujua. Nilikuwa nimeziweka zote kwa nguvu, rungu mkononi, nikifika mbele ya wale wa mishale ya moto naanguka kabla sijawagusa. Nikafuta, nikaanza upya. Mara ya pili nikagawa sawasawa, kila mahali kidogo, kama mama anayegawia wageni nyama haba, na kila mtu akanipiga. Nikafuta tena. Nilitukana kwa mdomo, Mungu anisamehe, na ilikuwa saa za kazi. Kuna mzee wa Mathari alikuja kuchukua programu ya mazishi akanikuta nimeinama pale jasho linanitoka. Nikamwambia najaribu mashine kama itavuka mwaka elfu mbili.

Mara ya tatu, kwa vile upinde wako ulinishinda, nilirudi kwa nguvu na rungu, nikakaza. Ungeniona! Nilijifunza kuuza takataka na kuweka dawa, kukimbia bila aibu, kuvuta shetani mmoja mlangoni badala ya kuingilia kumi. Mwisho wa Julai nikamaliza. Yule mkubwa wao wa chini kabisa akaanguka, na mimi nikaketi pale peke yangu, harufu ya dawa ya kupe inapanda kutoka dukani, nikalia. Nililia sana. Nikajua nimemrudisha.

Kisha nikajaribu hiyo raundi yenu ya pili, ili nimfikishe mahali ulipomwacha. Pale mlangoni tu, wale wadogo niliokuwa nawakanyaga mwanzoni wakanimaliza. Nguvu zote nilizokuwa nazo hazikutosha. Nikamwacha hapo, nikasema inatosha, jina ni lile, levo inakaribia, mtoto hatajua. Niliamini hivyo kabisa. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Ukafunga shule. Jioni ya kwanza tu, wewe na Wachira mbio mpaka ofisini. Mimi nilikuwa napiga chapa programu ya harambee ya kanisa. Uliwasha, ukafungua, ukainama karibu na kioo. Bado nakumbuka mgongo wako ulivyokaa.

"Huyu si wangu," ukasema.

"Aje si wako? Si ni jina lako?" Wachira akauliza.

"Jina ni langu. Mtu si wangu. Ona, nguvu zote ziko kwa mkono. Upinde hawezi hata kuushika." Kisha ukasema neno ambalo hukujua unamwambia nani. "Aliyetengeneza huyu hakumjua guka hata kidogo."

Mimi niliendelea kupiga chapa. Niliandika "Mwenyekiti wa Harambee" mara tatu kwa mstari mmoja.

Halafu ukamgeukia Wachira. Ulisema ufunguo wa ofisi huachwa kwa baba yake, na kwamba Nyeri hii yote ni yeye peke yake anajua kucheza hiyo kitu. Akaapa. "Haki ya Mungu, Muriuki, sijamgusa. Hata sijapanda hapa tangu uende." Sauti yake ilikuwa inakatika. Mtu mzima yeyote angeisikia na kujua ni ya kweli, na mtu mzima alikuwa hapo, futi tano kutoka kwenu, na alijua. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Msipigie kelele hapa, niko na kazi."

Mkashuka nje. Pale kwa ngazi ukamwita mwizi, kwa sauti, watu wa dukani wakisikia na baba yake akiwa na bisibisi mkononi. Mwana wa fundi wa redio akiitwa mwizi, baba, watu huanza kuulizia redio zao. Wewe hukuliona hilo, ulirudi shule. Mimi nilikuwa hapo juu dirishani. Niliona mama mmoja anakuja kuchukua redio yake kabla haijatengenezwa. Nilimwona baba yake Wachira anamfungia redio hiyo kwa gazeti, vizuri. Nilirudi kwa meza yangu nikapiga chapa.

Hapo ndipo penye kosa langu, si kwa ile faili. Faili ningekuambia ningechekwa tu. Lakini kila siku niliyonyamaza ilifanya siku iliyofuata kuwa nzito zaidi, mpaka ikawa mwaka. Ulimaliza Form Four, ukakaa nyumbani, ukapita mbele ya mlango wa akina Wachira kila asubuhi ukiangalia upande mwingine, na mimi nikakuona. Nilijiambia ni mambo ya vijana, yatapoa. Wachira naye hakutaka kukaa Nyeri. Alienda Wang'uru, kwa kinu cha mchele, na mpaka leo yuko huko.

Nimefikiri sana juu ya lile neno lako, kwamba sikumjua guka. Ulikosea kidogo. Nilimjua, lakini nilimjua wa kwanza. Yule mwenye rungu ndiye baba yangu hasa. Ndivyo alivyokuwa nyumbani kwetu, nguvu tupu, na ndivyo mkono wangu ulivyomjenga bila kuuliza. Wewe ulimkuta kwa raundi ya pili. Alikuwa amezeeka, rungu halisaidii tena, akalazimika kujifunza kungoja. Na hakuna aliyemfutia makosa ya kwanza ndipo akaanza. Alianza nayo, na jina lilelile. Nilipoelewa hivyo niliweza kumpenda kidogo, pale ofisini, saa saba mchana, na mkate mdomoni.

Kitu kimoja tu sijaweza kumwelewa. Alibadilika kwako, na mimi nilikuwa hapo mlangoni, hatua tatu, na hakugeuka. Nafikiri aliona aibu. Nafikiri aliona akiwa mwema kwako mimi nitaelewa mwenyewe. Sikuelewa. Mtu anataka kuambiwa.

Na mimi nilianza kukufanyia hivyohivyo. Mwaka huu wote umeshangaa kwa nini nakupikia chapati katikati ya wiki, kwa nini sikukugombeza ulipovunja kamera ya ofisi. Ulisema, "Mum siku hizi umekuwa poa." Sikuwa poa. Nilikuwa nalipa deni la mtu mwingine kwako, kwa chapati, na Wachira hakuionja hata moja.

Alhamisi nilifunga ofisi nikaenda Wang'uru. Nilikuambia naenda Karatina kununua wino. Huo pia ulikuwa uwongo, uweke na mwingine. Nilimkuta kwa kinu, mweupe kote kwa vumbi la pumba, amekuwa mwanaume mkubwa. Akashtuka kuniona.

"Mama Muriuki! Kwani kuna msiba?"

"Hapana. Nimekuja kwa makosa yangu."

Akanitafutia kiti, akapangusa na shati lake. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia hapa. Alisikiliza akitoa makapi ya mchele moja moja kwa mikono. Nilipomaliza akauliza, "Kumbe yule wa rungu ulikuwa wewe?"

"Ni mimi."

"Ulimaliza mchezo wote na rungu? Ati na rungu!" Akacheka, na kwa muda mfupi nikamwona yule wa zamani anayetoa amri nyuma ya kiti chako. Kisha kicheko kikaisha. "Mama, mchezo nilishasahau. Kuitwa mwizi sijasahau. Na wewe ulikuwa hapo."

"Nilikuwa hapo."

"Baba yangu alikosa kazi miezi mitano."

Nikamwambia nitakuambia wewe kabla hujaenda Eldoret, na leo asubuhi, kabla hujaamka, nimeenda kwa baba yake pia, nikasimama mbele ya meza yake ya redio nikasema yaleyale, wateja wakisikia. Hilo nilitaka wasikie. Baba yake alitikisa kichwa, akaendelea kuchomelea waya, na nadhani ana haki ya kufanya hivyo mpaka atakapochoka.

Alhamisi ile, Wachira aliposimama kunisindikiza alisema, "Mwambie. Lakini usimtume kwangu. Akija, aje mwenyewe." Halafu, kwa sababu amelelewa vizuri kuliko mimi, hakuniacha niondoke mikono mitupu. Alinipa mfuko wa mchele. Ndio ule tulikula jana, ulipoongeza sahani mara mbili ukauliza, "Mum, huu mchele mtamu hivi umetoka wapi?" nami nikasema sokoni. Nilikuwa nimetoka Wang'uru kuungama na bado nikadanganya juu ya mchele. Uone ulimi wangu ulivyozoea.

Sina la kukufundisha hapo, isipokuwa hili nililoliona kwa ngozi yangu. Utakosea huko unakoenda. Utaweka nguvu zako mahali pasipofaa, na hutazitoa tena. Hilo mimi silihofii. Umeanza upya mara nyingi kwa ile mashine na hukuwahi kulia. Ninachohofia ni ile siku utasikia sauti ya mtu inakatika akiapa, na wewe ndiwe unayejua, na mkono wako uko na kazi. Siku hiyo inuka. Wacha kazi, inuka tu.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii kati ya mashuka yako uikute Eldoret. Hata bahasha nilinunua. Ungeisoma huko peke yako, na mimi ningekuwa huku salama, nangoja posta, nafanya kazi zangu. Nimeona huo ni ujanja wa nyumba yetu, kusema kwa mbali, kusema kwa chapati, kusema Jumamosi wakati mtu anakufa Ijumaa. Bahasha nimeirarua.

Kwa hivyo ukirudi na maziwa ya cucu, nitakupa hizi karatasi mkononi, nami sitasema neno. Kaa pale mezani uzisome. Usinisamehe haraka kwa sababu una safari, na usinyamaze kwa sababu mimi ni mama yako. Chuo kinafunguliwa Jumatano. Magari ya Wang'uru huanza kutoka alfajiri sawa na ya Eldoret, na sitakuuliza umepanda lipi.

Mimi niko jikoni. Ukifika mstari huu nitajua umemaliza, kwa vile nitasikia kiti. Njoo, au uniite kutoka hapo ulipo. Niite jina lolote unaloona linanifaa, nitaitika.

Mama yako